Rotari Imefunguliwa Tena na Juzi tu Ilitengenezwa: Sili Gani Inarudi, Gani Inaenda Taka?

Kama uko na Mazda RX-8 ama RX-7 hapa Nairobi, hii stori unaijua. Injini imeshushwa, imefunguliwa, imewekwa sili mpya zote, na umelipa doh ya maana. Wiki mbili baadaye maji yanapotea kwa rejeta bila kuonekana chini. Ama gari inakataa kuwaka asubuhi. Fundi anakuangalia, anakuna kichwa, anakwambia, "Boss, hii itabidi tufungue tena."

Hapo ndio swali la pesa linaingia. Zile sili juzi tumeweka, tunazirudisha ama tunanunua seti ingine?

Jibu fupi: mpira unatupwa. Chuma kinaweza kurudi, lakini kipimwe kwanza, na kirudi palepale kilitoka. Jibu refu ndio hili hapa, na usome lote kabla utume M-Pesa.

KWANI ROTARI NI NINI?

Injini ya kawaida, kama ya Probox, iko na pistoni zinapanda na kushuka. Rotari haina hiyo mambo. Iko na rota, kipande cha chuma cha pembe tatu zilizovimba, kama samosa imeshiba. Rota inazunguka ndani ya nyumba yake, na zile ncha tatu zinagusa ukuta muda wote. Kwa hivyo kila rota iko na vyumba vitatu: kimoja kinavuta hewa na mafuta, kingine kinabana na kuchoma, kingine kinatoa moshi. Rota ikimaliza mzunguko mmoja, shafti imezunguka mara tatu. Hakuna valvu, hakuna kemshafti, hakuna taiming belti.

Aliyeanzisha hii idea ni Mjerumani, Felix Wankel. Kampuni ya NSU ya Ujerumani ndio ilitoa gari ya kwanza ya kuuzwa ikiwa na hii injini, NSU Spider, 1964. Mazda wakafuata na Cosmo Sport 1967. Shida ilikuwa moja kubwa: zile sili za ncha zilikuwa zinachora ukuta wa ndani mistari mistari. Wajapani waliita hiyo mistari kucha za shetani. Mhandisi Kenichi Yamamoto na kikosi chake cha watu 47 walikesha miaka wakitafuta dawa. NSU wao gari yao ya Ro 80 ya 1967 iliwapiga vibaya. Injini zilirudi na sili zimeisha, kampuni ikalipa, na 1969 ikameza na Volkswagen.

Kwa hivyo kama sili zinakusumbua, jua kuna kampuni nzima ilienda chini juu ya hiyo mambo. Si wewe pekee.

Mazda hawakuachia. RX-7 ilitengenezwa kutoka 1978 hadi 2002. Mwaka wa 1991 gari yao ya 787B, yenye rota nne, ilishinda mbio za masaa 24 za Le Mans. Halafu RX-8 ikatoka 2003 hadi 2012. Wasee wengi wa mtaa walijua rotari kwa screen: ile RX-7 nyekundu ya Dom kwa Fast and Furious ya kwanza ya 2001, na ile ya Han kwa Tokyo Drift ya 2006.

MBONA HAPA KENYA SILI NI STRESS ZAIDI

KEBS hawakubali gari ya mitumba iliyopita miaka 8. RX-8 ya mwisho ilitoka kiwandani 2012. Piga hesabu: mlango wa bandari ya Mombasa ulishafungwa. Zile ziko tao na mitaa ya Westlands, Lavington na Kawangware ni zilezile zilikuja kitambo, na zinazidi kuzeeka.

Ukienda Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, gasketi ya Toyota, Nissan ama Subaru unapata kabla chai ipoe. Sili ya rotari ni hadithi ingine. Mara nyingi inaagizwa nje, unangoja, na gari imekaa juu ya mawe kwa garage. Hapo ndio fundi anashawishika kurudisha kila kitu, na wewe unashawishika kukubali. Saa zingine ni sawa. Saa zingine unanunua matatizo kwa bei ya mara mbili.

SILI ZIKO NGAPI NDANI?

Injini nyingi unapata hapa ni familia ya 13B, ya rota mbili, jumla ya sisi 1,308. Ndani kuna:

Sili za ncha, mafundi wanaziita apeksi. Tatu kwa kila rota, jumla 6. Hizi ndizo zinafagia ukuta.

Sili za kona. Vipande vidogo vya duara vinakaa mwisho wa kila ncha. Sita kwa rota, jumla 12.

Sili za kando. Nyembamba, zimepinda, zinafunga ubavu wa rota. Sita kwa rota, jumla 12.

Ringi za oili. Nne kwa rota, jumla 8, na kila moja iko na o-ringi ya mpira ndani yake. RX-8 imeongezewa sili ingine kwa ubavu, juu moshi wake unatokea kando na si kwa ukuta wa nje kama wa RX-7.

Sili za maji. Mipira mirefu inazunguka kila nyumba ya rota, inazuia maji ya kupoza yasiingie kwa chumba cha moto.

O-ringi ndogo ndogo. Za zile pini zinaunganisha vipande, za boliti ndefu, na ile moja ya kifuniko cha mbele.

Chini ya karibu kila sili ya chuma kuna springi. Hiyo nayo usisahau, tutairudia.

KABLA HUJAFUNGUA, TULIA KWANZA

Injini nyingi zinafunguliwa bure. Rotari ikitoka tu kutengenezwa huwa na tabia za kutisha ambazo ni za kawaida.

Ya kwanza ni moshi. Fundi akipanga sili huwa anazishikilia na vaseline, ile ya kawaida ya duka, ndio zisidondoke. Anamwaga pia oili ndani. Hiyo yote lazima iungue siku ya kwanza. Moshi mweupe wa dakika kadhaa si kilio. Moshi mweupe unaoendelea siku baada ya siku, na maji yanapungua, hapo sasa kuna kitu.

Ya pili ni kompresheni. Sili mpya na ukuta hazijazoeana. Zikisuguana kilomita mia kadhaa ndio zinakaa, na kompresheni inapanda. Ukipima siku ya kwanza na kuona namba ya chini, usikimbie kufungua.

Ya tatu wengi hawaijui, na hapa ndio Nairobi inadanganya watu. Kitabu cha RX-8 kinasema kompresheni ya injini fiti ni kama 830 kPa, na ya chini kabisa inayokubalika ni 680 kPa, shafti ikizunguka mara 250 kwa dakika. Hizo namba ni za usawa wa bahari. Nairobi iko juu kama mita 1,700, na hewa yetu ni nyepesi, karibu asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Maana yake ni injini fiti kabisa, ambayo ingesoma 830 pale Likoni, hapa tao inaweza kusoma kama 680. Msee anaambiwa injini yake imekufa na iko sawa. Kabla ukubali hukumu, uliza fundi kama amehesabu urefu wa mji na kasi ya stata.

Na uliza amepima na nini. Geji ya kawaida ya Toyota inaonyesha tu kile chumba kilisukuma zaidi. Rota iko na vyumba vitatu, na unataka namba zote tatu. Kwa RX-8, tofauti ya vyumba vya rota moja isizidi 150 kPa, na tofauti kati ya rota mbili isizidi 100 kPa. Hewa ya Nairobi inashusha vyumba vyote pamoja. Kwa hivyo kimoja kikiwa chini sana na vingine viko juu, hiyo ni sili, si hewa.

Presha ya oili ikiwa chini, kagua kwanza ile o-ringi ya kifuniko cha mbele. Ikiteleza wakati wa kufunga, oili inavuja ndani kwa ndani. Hiyo unarekebisha mbele tu, bila kutenganisha rota. Fundi akitaka kufungua yote kwa hiyo shida, muulize mara mbili.

Lakini kama kuna mapovu kwa rejeta, chumba kimoja kiko karibu zero, ama kuna sauti ya chuma kikigonga, funguo ya 17 itolewe. Hakuna njia ya mkato.

ZA KUTUPWA BILA MJADALA

Sili za maji. Mpira ukibanwa na boliti unachukua umbo la pale ulibanwa. Ukipata moto, unakauka hivyo. Ukiutoa haurudi mnene kama ulikuwa. Ukiurudisha, maji yatapata njia, na maji ndani ya rotari yanakula kutu kwa sili za chuma ukilala. Hata kama injini haijawahi waka, mpira ulibanwa wiki moja ni wa kutupa.

O-ringi za pini, za kifuniko cha mbele, na washa za boliti ndefu. Ni ndogo na ndizo rahisi kwa hii kazi yote. Kuokoa hapo ni kukwepa soo moja ndio ulipe kazi ya siku tatu tena.

Vimpira vya ndani ya sili za kona. Vikipata moto vinakuwa vigumu kama ndizi mbichi.

O-ringi za ringi za oili, kama injini ilishapata joto na ringi zimetolewa. Mpira mgumu hausukumi ringi, na gari itameza oili kama matatu ya kitambo. Kuna nafasi moja tu: kama injini haijawahi waka na hukuwa na haja ya kutoa ringi kwa rota, ziache zimelala hapo. Usitoe kitu ndio ukiangalie tu.

Silikoni ya zamani. Ikwanguliwe yote na kitu laini. Kipande kikidondoka kwa njia ya oili, kitaenda kuziba mahali hukitaki.

ZINAZOWEZA KURUDI

Sili za ncha, za kona na za kando ni chuma. Kama injini imekimbia kidogo na haikuchemka, zinaweza kurudi, lakini ziko na masharti.

Sharti la kwanza: kila moja irudi kwa rota yake, shimo lake, na ikiangalia upande uleule. Sili za kando fundi mzuri huwa anazipiga faili moja moja ndio zikubaliane na kona yake. Ukizichanganya, hiyo kazi yote imeenda. Sili za ncha nazo zimeanza kuchukua umbo la ukuta. Ukigeuza, zinaanza upya, na zingine hazikai tena.

Sharti la pili: zipimwe. Sili ya ncha ilazwe kwa kioo kuona kama imepinda. Iangaliwe ncha kama imeisha upande mmoja. Urefu wake upimwe na ulinganishwe na kitabu cha hiyo modeli, juu sili za RX-8 ni fupi kuliko za RX-7 na namba haziingiliani. Kwa 13B za RX-7, nafasi kati ya sili ya kando na ya kona ikiwa mpya ni 0.05 hadi 0.15 mm, na ikifika 0.4 mm hiyo ni ya kutupa. Hapo unatumia fila geji, si jicho.

Sharti la tatu: springi. Watu wanapima sili, wanasahau springi. Springi iliyochemka inalegea, na sili haisukumwi kwa ukuta. Ilinganishe na mpya. Kama imelala chini kuliko mwenzake, badilisha.

Sharti la nne: kagua ukuta na ubavu. Pitisha kucha. Kama inashika kwa mstari ama rangi ya krome imechubuka, sili mpya ama ya zamani haitakusaidia. Shida yako iko kwa nyumba.

HALI TATU, MAJIBU MATATU

Injini ilifungwa lakini haijawahi waka. Chuma chote kinarudi kwa nafasi yake baada ya kusafishwa. Sili za maji mpya, o-ringi ndogo mpya.

Imewaka, imekimbia kidogo, haijachemka. Chuma kinarudi kikipita vipimo. Mpira wote mpya, pamoja na ule wa kona na wa ringi za oili kama zimetolewa.

Imechemka, ama sili imevunjika. Hapa usijifanye mjanja. Joto linapinda sili na linalegeza springi. Sili ya ncha ikivunjika, vipande vinazunguka ndani vikikwangua kila kitu, na kwa RX-7 ya tabo vinatokea kwa moshi na kugonga feni ya tabo njiani. Seti mpya, na kila kitu kingine kishukiwe hadi kithibitishwe.

KUFUNGUA BILA KUPOTEZA

Nunua trei ya mayai. Ncha 6, kona 12, kando 12, jumla 30, na trei ya mayai iko na shimo 30. Ni kama Mungu alipanga. Shimo moja, sili moja na springi yake. Zile ndefu zifunge na kikaratasi chenye jina: rota ya mbele ama ya nyuma, ubavu gani, ncha namba ngapi. Usigonge alama na panchi kwa sili. Kalamu inatosha.

Piga picha kila hatua na simu. Usioshe mpira na petroli, inauvimbisha. Usitumie brashi ya waya kwa uso wa sili. Kazi ifanyike ndani, si kando ya barabara na vumbi la matatu. Mchanga kidogo chini ya sili ya ncha ni msasa unaozunguka maelfu ya mara kwa dakika.

Ukifunga, boliti ndefu zikazwe polepole, kwa mpangilio wa kitabu, na toki renchi. Fundi akikwambia anasikia kwa mkono, mwambie mkono wake ni poa lakini ulete renchi.

NANI ANALIPA?

Hii ndio inavunja urafiki. Kabla injini ishushwe mara ya pili, kubalianeni kwa maandishi: shida ni ipi, nani analipa kazi, nani analipa sili. WhatsApp ni sawa bora iko wazi. Risiti ya mara ya kwanza iwe imeandika sili zipi ziliwekwa, si "spea za injini" tu. Na vitu vya zamani vyote urudishiwe, hata vilivyokufa. Hivyo ndivyo ushahidi.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inataka huduma unayolipia iwe ya kiwango cha kuridhisha. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo inashughulikia kesi za hadi shilingi milioni moja, na inafaa kuamua ndani ya siku 60. Iko Milimani, na si lazima uwe na wakili. Lakini bila risiti na picha, utakuwa unaenda kupiga stori tu.

IKISHAWAKA TENA

Kilomita 1,000 za kwanza endesha kama umebeba mayai. Usikanyage hadi mwisho, na pia usikae kwa jam ya Waiyaki Way injini ikitokota. Ukiona geji ya joto inapanda, toka kando uzime. Geji ya RX-8 huwa inachelewa kusema ukweli, kwa hivyo ikipanda jua tayari ni noma.

Wengi wanachanganya oili kidogo ya two-stroke kwa tangi, kama mililita 100 kwa lita 20, ndio sili za ncha zipate mafuta. Angalia oili ya injini kila ukijaza tangi, juu rotari inakunywa oili kwa kawaida yake.

Na usiiwashe ikiwa baridi, uisogeze mita mbili kwa car wash, halafu uzime. Petroli inafurika ndani, inaosha oili kwa sili, na kesho haiwaki. Waambie vijana wa kuosha gari waisukume, ama waiache iungurume hadi ipate joto. Injini nyingi zimehukumiwa kifo hapo, na sili zilikuwa bado fiti.